Injinia kwenye depo: kazi ya ugavi si mahali pa walioshindwa

Kila mwaka, baada ya sherehe za kutoa diploma chuoni, vijana wananiletea swali moja. Wanaliuliza kwa heshima, lakini ndani yake kuna huruma: "Yaya, wewe ulisoma polytechnique miaka mitano. Ilikuwaje ukaishia kwenye depo?"

Neno hilo "ukaishia" ndilo linalonisumbua. Maana yake ni kwamba kwetu kuna kazi za injinia wa kweli, na kuna kazi za injinia aliyekosa bahati. Leo nataka kueleza kwa nini sikubali mgawanyo huo. Nitasema pia wazi mahali ambapo kazi hii ina miiba, ili kijana anayeingia ajue anaingia wapi.

Hapa Katanga injinia anajulikana kwa kofia yake ngumu. Tangu enzi za Union Minière, na baadaye Gécamines, mzazi akisema "mtoto wangu ni injinia", watu wanaona mkubwa wa kiwanda, mwenye nyumba ya kampuni, gari na shule nzuri ya watoto. Mtu wa depo wanamwona karani: anahesabu, anafunga mlango, anatunza funguo. Siku nilipomweleza Papa kwamba nimepata kazi ya ugavi, aliniuliza: "Ni kazi ya kungojea malori?" Nikamjibu: "Ndiyo, Papa, ni kungojea malori." Hakucheka. Alikuwa ameuza kiwanja ili mimi nisome.

Nilisoma mekanika na umeme. Tulipomaliza tulikuwa wengi na nafasi zilikuwa chache. Nilizunguka miezi minane na bahasha ya karatasi zangu, kutoka mlango mmoja hadi mwingine. Walionipokea ni kampuni ndogo inayohudumia migodi. Walinipa mkataba wa miezi mitatu na kazi ya kupokea vipuri: beringi, mikanda, vichujio, pampu, vali, nyaya. Sikuichagua kazi hiyo kwa mapenzi. Lakini baada ya miezi michache niliona kwamba mambo mengi niliyosomea yalikuwa yanapita mbele ya meza yangu, na kwamba pale mezani hakukuwa na mtu mwingine aliyeyasoma.

Mji huu ni mtoto wa reli

Tuangalie historia yetu wenyewe. Lubumbashi ilianzishwa mwaka 1910, na mwaka huo huo reli kutoka kusini, kupitia nchi inayoitwa leo Zambia, ilifika hapa. Mambo hayo mawili yalikwenda pamoja. Shaba ilikuwa ardhini tangu zamani, na wazee wetu waliiyeyusha na kutengeneza misalaba ya shaba karne nyingi kabla ya wazungu kufika. Lakini kiwanda kikubwa hakikuwezekana mpaka mashine ziweze kuingia na shaba iweze kutoka. Hata makaa ya kuyeyushia yalikuwa yanatoka mbali, Wankie, ambayo leo ni Hwange nchini Zimbabwe.

Baadaye reli ya Benguela ilifungua mlango wa magharibi mpaka bandari ya Lobito. Mwaka 1975 vita vya Angola viliufunga mlango huo, na shaba yetu ikalazimika kutafuta njia nyingine. Miaka hiyo hiyo ya 1970 ilijengwa TAZARA, reli ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi. Leo Lobito imeanza tena kupokea mizigo yetu kwa reli, lakini malori ndiyo yanayobeba sehemu kubwa. Mengine yanapita Nakonde na Tunduma kwenda Dar es Salaam, mengine yanakwenda Durban, Walvis Bay au Beira.

Mwaka 2024 Kongo ilitoa zaidi ya tani milioni 3 za shaba. Kama zote zingepanda malori ya tani 30, hizo ni safari 100,000 za kutoka tu. Na kwa kila mzigo unaotoka kuna vitu vilivyopaswa kuingia kwanza: salfa ya kutengenezea asidi, chokaa, mafuta, matairi, mipira ya chuma ya kusagia mawe, vipuri. Injinia anayeijua pampu bila kujua pampu hiyo inafikaje hapa anakijua kiwanda nusu tu.

Mtakumbuka Agosti 2024. Kongo ilikuwa imekataza kuingiza bia na vinywaji baridi kutoka nje, madereva wakalalamika, na Zambia ikafunga mipaka ya Kasumbalesa, Mokambo na Sakania kwa siku chache. Kwa familia nyingi swali lilikuwa moja: unga wa bukari utapanda bei? Kwa sisi wa ugavi maswali yalikuwa mengi, tena ya usiku. Tuna chokaa ya siku ngapi? Tuna mafuta ya siku ngapi? Ni malori mangapi yetu yako upande wa pili, na yamebeba nini? Nani ana stoki hapa mjini tunayoweza kukopa? Siku kama hizo hakuna anayemuuliza mtu wa depo kama kazi yake ni ya kungojea malori.

Februari 2025 serikali ilisimamisha uuzaji wa kobalti nje ya nchi, na Oktoba ikaruhusu kwa viwango maalumu. Usiku mmoja tu, mzigo uliokuwa umeandaliwa kuondoka ukahitaji kutafutiwa mahali pa kukaa, kulindwa na kuhesabiwa. Mipango ya mwaka mzima ilipaswa kuandikwa upya. Hiyo ni kazi ya ugavi, na inahitaji kichwa kilichozoea hesabu.

Hesabu za depo

Kuna watu wanaodhani ukitoka kiwandani na kuingia depo unaaga hesabu. Waangalie Vilfredo Pareto. Wengi wanamjua kama mchumi, lakini alisomea uinjinia mjini Torino, akafanya kazi kwenye reli na kwenye viwanda vya chuma vya Italia kabla ya kuandika vitabu vya uchumi. Alichokiona juu ya mali, kwamba sehemu kubwa iko mikononi mwa watu wachache, ndicho tunachokitumia leo kwenye depo. Ukipanga vipuri vyako kwa thamani, utakuta vichache vinabeba fedha nyingi, na vingi vinabeba fedha kidogo. Vile vichache unavihesabu kila wiki. Vile vingine vinaweza kungoja. Anayehesabu vyote kwa nguvu moja anachoka, na bado anaibiwa.

Mwaka 1913 injinia wa Marekani, Ford W. Harris, alitoa kanuni ya kujua uagize kiasi gani kwa mara moja. Nitaieleza kwa mfano. Tuseme kiwanda kinatumia vichujio 1,200 kwa mwaka. Kila ukiagiza unatumia dola 150 kwa karatasi, simu na usafiri, hata kama umeagiza kimoja. Na kila kichujio kinachokaa depo mwaka mzima kinakugharimu dola 4. Zidisha 2 kwa 1,200 kwa 150, gawanya kwa 4, unapata 90,000. Kipeuo chake cha pili ni 300. Basi agiza 300, mara nne kwa mwaka. Ukiagiza mara kumi na mbili unapoteza fedha kwenye karatasi. Ukiagiza vyote kwa mara moja unazika fedha kwenye rafu.

Lakini kanuni hiyo haijui Kasumbalesa. Hapo ndipo injinia wa hapa anaongeza ujuzi wake. Kama unatumia vichujio 4 kwa siku na mzigo unachukua siku 45 kufika, lazima uagize unapobaki na 180. Kama unajua kwamba foleni, mvua au karatasi moja ya forodha inaweza kuongeza siku 15, ongeza vingine 60: agiza unapobaki na 240. Namba 15 haimo kwenye kitabu chochote. Utaipata kwa kuandika, mzigo kwa mzigo, siku ulipoondoka na siku ulipofika. Mimi nina daftari la namna hiyo tangu mwaka wangu wa kwanza, na limenisaidia kuliko vitabu vingi.

Kamba ya milimita 18

Sasa niwaeleze tukio lililonifanya nielewe kwamba ninafanya uinjinia. Sitataja kampuni wala mtu.

Siku moja zilifika kamba za waya za kuinulia mizigo, zile ambazo winchi inatumia kunyanyua mota na pampu. Agizo lilisema kipenyo cha milimita 20. Cheti kilisema 20. Bordero ya kupokea mzigo ilisema 20. Nilichukua kalipa nikapima: 18. Nikapima mahali pengine: 18. Nikapima kamba nyingine: ile ile.

Mtu asiyesoma atasema milimita 2 si kitu. Lakini nguvu ya kamba ya aina moja inafuata mraba wa kipenyo chake. 18 kwa 18 ni 324, 20 kwa 20 ni 400. Gawanya: asilimia 81. Karibu sehemu moja ya tano ya nguvu haipo, na chini ya winchi kuna watu. Niliwajua kwa majina. Mmoja tulikuwa tunakula naye bukari saa sita kila siku.

Nilikataa kusaini. Mkubwa wangu wa manunuzi alikuja na sauti ya upole: mgodi unasubiri, msambazaji ni mtu wetu wa siku nyingi, saini tu halafu tutarekebisha kwa agizo lijalo. Mchana msambazaji mwenyewe alinipigia simu akaniambia kuna "matabishi kidogo ya mtoto". Mke wangu alikuwa na mimba ya miezi saba na mkataba wangu ulikuwa umebaki wiki tano.

Nikaandika kwenye bordero: "Kipenyo kilichopimwa ni milimita 18, agizo ni 20, mzigo haukupokelewa." Nikatia saini yangu na saa. Nikapeleka nakala kwa mkubwa wa matengenezo, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa na haki ya kujua.

Kamba zilirudishwa. Wiki tano baadaye mkataba wangu haukuongezwa, na hakuna aliyenieleza sababu. Nilikaa miezi minne bila mshahara. Mtoto alizaliwa katika miezi hiyo, na gharama za uzazi zililipwa na yaya wangu anayeuza nguo sokoni. Nasema hili ili kijana asidanganywe kwamba ukifanya vizuri unalipwa siku hiyo hiyo.

Kilichotokea baadaye ni kwamba mkubwa yule wa matengenezo alihamia mgodi mwingine. Walipotafuta mtu wa kupanga vipuri, alisema anamjua mmoja anayepima kabla ya kusaini. Hivyo ndivyo nilivyoingia kazi niliyo nayo leo: kupanga pamoja na mafundi ni mashine gani itasimama lini, itahitaji nini, na kitu hicho kitoke wapi, kwa njia gani, kifike siku gani.

Miiba ya kazi

Sheria namba 17/001 ya tarehe 8 Februari 2017 inataka kazi za sous-traitance zipewe kampuni ambazo mtaji wake mkubwa ni wa Wakongomani. Ni sheria nzuri, na imefungulia vijana wengi mlango. Lakini katika kampuni ndogo nyingi mlango huo unafunguliwa na mkataba wa miezi mitatu, unaoongezwa au kukatwa bila neno. Mtu ambaye mkate wake unategemea saini ya mkubwa wake kila baada ya siku tisini anawezaje kukataa mzigo mbovu? Hili ni swali kwa wenye kampuni, na ni swali la usalama sawa na kofia na viatu. Ukitaka mpokeaji wa mizigo mwenye ujasiri, mpe mkataba unaomruhusu kuwa nao.

Mwiba wa pili ni fedha ya chini ya meza. Katika kiwanda, injinia anaweza kumaliza miaka bila mtu kumpa bahasha. Katika manunuzi inakuja mapema, na haiji ikiitwa rushwa. Inaitwa ya maji, ya usafiri, zawadi ya mtoto. Ushauri wangu ni mmoja: kataa ile ya kwanza, ile ndogo kabisa, mbele ya watu, bila kutukana. Habari itasambaa, nao watapunguza kukujia.

Mwiba wa tatu ni usiku. Lori halijui Jumapili. Simu inalia saa nane za usiku kwamba dereva amekwama na namba ya kontena haifanani na ya kwenye karatasi. Anayependa kazi ya saa za ofisi atateseka.

Kwa anayetaka kuanza

Nikikaa na kijana aliyemaliza mekanika, umeme, madini au ujenzi, ninamwambia mambo haya.

Anza karibu na mzigo wenyewe. Kabla ya kuomba meza na kompyuta, kaa mwaka mmoja mahali ambapo vitu vinapokelewa. Jifunze kusoma namba iliyochongwa kwenye beringi, maandishi ya kwenye pampu, tarehe ya mwisho ya kemikali. Kule ndiko diploma yako inapokutofautisha na mwingine.

Jua jedwali za Excel vizuri, siyo kujaza tu bali kuchuja, kuunganisha na kuhesabu. Ukikutana baadaye na programu kubwa kama SAP, utakuta fikra ni zile zile. Na jua masharti ya biashara ya kimataifa yanayoitwa Incoterms. Toleo la 2020 lina masharti 11, na kila moja linasema nani analipa nini na hatari inahamia kwa nani mahali gani. Kutofautisha CIF na DAP kunaweza kuokoa fedha nyingi kuliko mshahara wako wa mwaka.

Lugha. Kifaransa tunacho, kinatosha kwa forodha yetu na serikali. Kiingereza ni lazima, kwa kuwa wauzaji wa Afrika Kusini na Zambia hawatakusubiri utafute mkalimani. Na msidharau Kiswahili. Tangu nchi yetu iingie Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, watu wanasema sana juu ya faida zake. Mimi nimeziona kwenye simu. Wenzetu wa bandari ya Dar es Salaam wanacheka Kiswahili changu cha Katanga, mimi nasema "duane" wao wanasema "forodha", lakini tukimaliza kucheka mzigo umepatikana. Barua pepe ya Kiingereza ingengoja siku mbili.

Vyeti vya kimataifa, kama vile vya CIPS kwa manunuzi au CPIM kwa kupanga uzalishaji na stoki, ni vizuri, lakini bei yake ni ya dola. Usiuze kiwanja cha familia ili kuvilipia. Fanya kazi kwanza, kisha uombe kampuni ishiriki gharama.

Na wewe binti uliyemaliza uinjinia, njoo. Kazi hii haiulizi misuli, inauliza macho na uvumilivu. Baadhi ya wapangaji wazuri ninaofanya nao kazi ni akina mama, na madereva wamejifunza kwamba kwao karatasi pungufu haipiti.

Mwisho ninasema na wazazi. Mtoto akirudi nyumbani na habari kwamba amepata kazi depo, msimwonee haya mbele ya majirani. Mwulizeni maswali mawili: mkataba wako ni wa muda gani, na saini yako itawekwa kwenye nini? Akijua kuyajibu, mkae kwa amani, uinjinia wake haujapotea. Asipojua, msaidieni kuyatafuta kabla hajasaini chochote.